Mtani wa Shungi Hakuja

Pweza wa mtani alianza kunuka saa saba mchana, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Alikuwa wa kilo tano, mkubwa kuliko wote tuliowatoa siku ile, na nilikuwa nimemtandaza juu ya tenga langu bila kumfunika, kama desturi inavyotaka. Siku ya kwanza ya bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba kubaki wazi, sisi wanawake wa Mitondooni tunashuka na fimbo zetu za chuma kuchokoa pweza mapangoni. Tukirudi, kila mmoja anamweka aliye bora juu ya tenga lake, halafu anajifanya anatazama pengine. Ndipo watani wetu wa kisiwa cha Shungi wanapotokea na mashua zao. Wanatutukana mpaka mbavu zinatuuma kwa kucheka, wanachukua wanachotaka, wanaondoka. Mtani haibi. Mtani anachukua mbele ya macho yako, na wewe ukinuna umejiaibisha mwenyewe.

Wangu mimi anaitwa Asumini. Miaka ishirini mwanamke huyo amenichukulia pweza na kunitukana. Hata ile miaka mibaya, mwamba ulipokufa na kijiji kizima tukawa tunarudi na pweza wawili, alikuja. Alimwinua mmoja kwa mkono mmoja, akanitazama, akasema, "We Sikudhani, huyu ni pweza au ni soksi ya marehemu babu yako?" Na akamchukua vilevile.

Na sasa tulikuwa na pweza mia mbili na kumi ufuoni, mavuno ambayo binti yangu alikuwa hajawahi kuyaona tangu azaliwe, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kututukana.

"Wamenuna," alisema Chande. Chande ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mtu mzito wa mwili na wa maamuzi, na siku hiyo alikuwa akizunguka kati ya matenga kama bwana harusi.

"Mtani hanuni, mwenyekiti."

"Mara ya mwisho ulimwambia nini Asumini?"

"Nilimwambia mumewe ana miguu kama fito za uzio."

"Basi ndiyo hiyo."

"Anayo kweli, na Asumini alicheka mpaka akakaa chini."

Chande alikuna kidevu. Yeye mwenyewe anajua utani unavyokwenda. Siku ya maziko ya mama yake, baba yake Asumini aliingia kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kanzu mpya aliyovaa mfiwa. Chande alirudi nyumbani na fulana yenye matundu na saruni, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Aliwahi kuniambia kwamba bila mzee yule asingeimaliza siku ile.

"Watakuja kesho," alisema, akaenda zake kuwapigia kelele wanaopakia barafu.

Nilimtupia paka pweza wa Asumini. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea.

*

Mimi ndiye fundi wa Mwito. Kibanda chake kipo nyuma ya chumba cha barafu, kina kiti kimoja, kioo kimoja cha kusomea, na siafu wengi.

Mwamba ulio hai una kelele. Kamba wadogo wanapiga makucha, samaki wanakoroma, fuu la baharini na miiba yake linakwangua jiwe, na yote hayo ukiyasikiliza chini ya maji ni kama jikoni kwa mkaanga vitumbua. Huko nje baharini vifaranga wa samaki na wa pweza, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaelea na mkondo na kusikiliza. Wakisikia mlio ule wanaufuata, wanashuka, wanajenga maisha. Wasiposikia kitu wanapita. Na wewe usingeingia nyumba ambayo hakuna sufuria inayolia.

Kwa hiyo Idara ya Uhai wa Bahari ilitutegea vipaza sauti arobaini mwambani, kila kimoja kama mtungi mdogo, viimbe sauti ya mwamba wetu wenyewe iliyorekodiwa zamani za bibi yangu. Ulikuwa Mwito wa majaribio, mmoja tu kwa pwani yetu nzima. Kura ilipigwa kati yetu na Shungi, tukashinda sisi. Asumini alinitukana wiki nzima kwa furaha.

Kila miezi minne masikio ya Idara yaliyofukiwa mchangani huhesabu vifaranga walioshuka kwenye kila mwamba. Kijiji kikishindwa mara tatu mfululizo kinahamishwa. Si jela huko wanakopelekwa. Mji wa Matangi una nyumba nzuri, maji ya bomba, shule, na kazi ya kulisha samaki kwenye mabirika ya zege ukiwa umevaa koti jeupe. Lakini mwamba unafungwa na jina la kijiji linafutwa kwenye ramani. Hakuna aliyewahi kurudi kuvua. Sisi tulikuwa tumefaulu mbili. Tukifaulu ya tatu, tunatoka kwenye orodha ya vijiji vya kuhamishwa na Mwito unakuwa wetu. Tukishindwa, unarudi Idarani, na bila Mwito kila mtu alijua tungeelekea wapi. Zilibaki siku kumi na nane.

Nilikaa kwenye kile kiti, nikafanya jambo ambalo kwa miezi minane sikuwahi kulifanya. Nilifungua masikio ya Shungi.

Kimya. Si uchache, kimya. Hesabu ya kwanza wameshindwa. Ya pili wameshindwa. Kabla ya hapo, miaka yote, walikuwa wakijikongoja lakini wanafaulu.

Nilichora mkondo kwa kidole juu ya kioo, ingawa nilikuwa naujua tangu utotoni. Unatoka kusini, unapita Mitondooni, halafu unakwenda Shungi. Watoto wa samaki wanapita kwetu kwanza.

Kitabu cha maelekezo kinasema kiwango cha nne kinatosha. Miezi minane nyuma Chande alisimama kwenye mlango huu huu akaniuliza, "Fundi, hiki kitu chako hakipandi zaidi?" Nami, kwa sababu napenda kusifiwa, nilipandisha mpaka tisa. Sikuandika popote. Vifaranga walipoanza kushuka kama mvua nilijiona bingwa. Watu waliniletea nazi.

Kumbe nilikuwa nimewaita wote. Sikuwaachia majirani hata wa kuonja.

*

Kesho yake asubuhi nilichukua boti ya umeme nikaenda Shungi. Njiani nilipanga maneno. Nilipofika yote yaliniruka.

Asumini alikuwa mbele ya nyumba yake, anafunga vyombo kwenye magunia. Masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, picha ya baba yake. Nilijikaza nikaanza mimi, kama kawaida yetu.

"Hujafa tu, wewe mla kaa mbichi?"

Aliinua kichwa. Alinitazama kwa upole, akajifuta mikono kwenye kanga, akanipa mkono.

"Karibu sana, dada Sikudhani. Habari za Mitondooni? Watoto hawajambo?"

Miaka ishirini hajawahi kuniuliza hali ya watoto bila kuwaita majina ya wadudu. Alinivutia kiti. Alinimiminia chai, akaniuliza kama sukari inatosha.

"Asumini, acha basi."

"Niache nini, dada?"

"Kuniita dada. Nitukane."

Alikaa juu ya gunia. Alikuwa amekonda. "Utani ni wa mtu mwenye kwao," alisema. "Wewe wa Mitondooni, mimi wa Shungi, ndiyo maana tunatukanana. Mwezi ujao mimi nitakuwa wa nyumba namba mia tatu na kumi na mbili, Mji wa Matangi. Nitakutukana kama nani? Tumeshajiandikisha wote. Hatukutaka kusubiri kufukuzwa." Alitabasamu kidogo. "Tuliwaona jana kwa mbali mkishusha pweza. Tukasema tusiende. Mtu anayehama akichukua pweza wa mwenzake huyo ni ombaomba."

Nilikuwa naweza kunyamaza. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nililifikiria. Chai ilikuwa nzuri, boti ilikuwa ina chaji, na hakuna mtu duniani aliyejua kuhusu ile tisa isipokuwa mimi. Kule nyumbani kulikuwa na watu mia nne waliobakiza siku kumi na saba tu waokoke.

"Ni mimi," nilisema. "Samaki wenu. Ni mimi niliyewachukua."

Nilimweleza yote, kiwango, mkondo, hesabu. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza hakuinua sauti.

"Ulikuja hapa ukawachukua?"

"Hapana. Nilikuwa kibandani."

"Ulinitukana wakati unawachukua?"

"Hapana."

"Nilikuona?"

"Hukuniona, Asumini."

"Basi huo haukuwa utani," alisema. "Huo ulikuwa wizi."

Aliinuka akaendelea kufunga masufuria. Niliondoka bila kuagwa, nikalia njia nzima mpaka Mitondooni.

*

Kamati ilikutana jioni hiyo ndani ya chumba cha barafu, tumekaa juu ya masanduku ya samaki, pumzi zinatoka moshi. Wajumbe walikuwa saba. Niliwaambia kila kitu, nikaweka na pendekezo langu: giza la mwezi lilikuwa linakuja baada ya siku kumi, na hapo ndipo vifaranga hushuka kwa wingi. Kabla ya hapo tushushe kiwango kirudi nne, na vipaza ishirini kati ya arobaini viende Shungi. Kompyuta zao wanazo, betri wanazo.

Chande akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa.

"Tukifanya hivyo, tutafaulu?"

"Nimepiga hesabu mara sita. Mara nne tunafaulu, chupuchupu."

"Na mara mbili?"

"Mara mbili tunashindwa."

"Na wao?"

"Wao hivyo hivyo."

"Kwa hiyo," alisema, akihesabu kwa vidole vyake vinene, "leo kijiji kimoja kinabaki kwa hakika. Wewe unataka tucheze kamari ya viwili. Fundi, mimi nina wajukuu kumi na mmoja. Wote wanajua kuogelea. Yule wa mwisho amejua kuogelea kabla ya kujua kuvaa viatu. Nikawafundishe kulisha samaki kwenye zege?"

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikera, kwamba nilitaka kumchukia na sikupata pa kushikia. Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Wajukuu wa Shungi nao wanaogelea," nilisema.

"Najua." Alitoa karatasi mfukoni, mkataba wetu na Idara, umekunjwa mpaka umechanika. "Na hata ningetaka. Soma mwenyewe. 'Kijiji hakitagawa, hakitaazima wala hakitauza kifaa chochote cha Mwito nje ya mipaka yake.' Tukivunja, wanachukua vyote arobaini kesho yake. Kugawa, kuazima, kuuza. Wamefunga milango yote."

Niliichukua karatasi nikaisoma chini ya taa. Niliisoma tena. Mwandishi wake alikuwa mtu makini, wa mjini, aliyefikiria kila namna ambavyo kitu kinaweza kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Aliufikiria hata wizi. Kifungu cha tisa: ukiibiwa, utoe taarifa ndani ya siku ishirini na moja.

"Na kuchukuliwa na mtani?" niliuliza.

"Nini?"

"Kuna gawa, azima, uza, ibiwa. Mtani hagawiwi, haazimwi, hauziwi. Na mtani haibi. Nauliza kama kuna kifungu."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine akatazama viatu vyake kwa bidii kubwa. Chande aliirudisha karatasi mfukoni polepole.

"Hakuna kifungu cha mtani," alisema.

"Nimeona hakuna."

"Na mimi sijasema kitu."

"Sijakusikia ukisema kitu, mwenyekiti."

"Kikao kimefungwa," akasema, akainuka, na mlangoni akageuka. "Sikukubali, Sikudhani. Ujue hivyo. Sikukubali."

*

Vipaza huota kome, na kila baada ya miezi kadhaa lazima vipandishwe vikwanguliwe. Ni kazi ya kawaida, haihitaji ruhusa. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya nne ya bamvua, maji yalipotoka, niliwaambia wanawake wenzangu kwamba leo tunakwangua vipaza ishirini, na kwamba tutavianika ufuoni juu ya mikeka. Bila kuvifunika.

Niliposema maneno hayo ya mwisho walinitazama. Halafu mmoja akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, na kazi ikaanza.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimempelekea Asumini ujumbe. "Kesho maji yakitoka tunaanika vipaza ishirini. Sisi tutakuwa tunatazama pengine." Hakujibu. Nilipoamka alfajiri bado hakuwa amejibu. Nilikuwa kiunoni majini, nimekumbatia kipaza cha nane, simu ilipolia kwenye mkoba wa plastiki shingoni mwangu.

"Kwa makengeza hayo," aliandika, "hata ukitazama huku utaona kule."

Nilikaa chini mwambani, maji yakanifika kifuani, nikacheka kama kichaa.

Walifika saa nne na mashua mbili, watu tisa. Asumini alikuwa mbele, amejifunga kanga kibwebwe. Aliruka majini kabla mashua haijasimama na akaanza palepale, sauti ikisikika mpaka msikitini.

"Hivi Mitondooni mnaishi watu au ni jalala la Mungu? Nimeisikia harufu tangu Shungi nikadhani nyangumi amekufa, kumbe ni Sikudhani ameoga! Na haya matango ya chuma mmeyaanika ya nini? Mnayala? Mnayapikia watoto?"

"Tunayapika na nazi," nilipaza sauti, nikitazama juu mawinguni. "Mumeo tulimpikia mchuzi wa miguu yake, ukawa mwepesi!"

Ufuo wote uliangua kicheko. Wanawake walisimama kwa mistari, wameipa mikeka migongo, wakionyeshana ndege ambao hawakuwepo. Nyuma yetu tulisikia vipaza vikiinuliwa kimoja kimoja na watu wakihema kwa uzito.

Chande alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha barafu, mikono nyuma. Yeye hakugeuza uso. Alikuwa anatazama kila kitu, na uso wake ulikuwa umekaza. Ndipo Asumini alipomwona. Aliweka chini kipaza alichobeba, akaenda mpaka mbele yake.

"Na wewe bwana mkubwa," alisema, "ile fulana yenye matundu bado unayo, au umeishonea chandarua? Baba yangu kabla ya kufa alisema, hii kanzu ya Chande inanibana tumboni, na mimi siyo mnene, kwa hiyo aliipata wapi mtu mwenye tumbo lile?"

Chande alifumba macho. Sikujua kama atamfukuza au atalia, na nadhani hata yeye hakujua. Halafu aligeuka, akaingia ndani ya chumba cha barafu, akafunga mlango.

Asumini alisimama kidogo akiutazama mlango ule. Kisha alirudi kwenye kazi, na wenzake wakamaliza kupakia. Cha ishirini alikibeba mwenyewe. Alipopita mbele ya tenga langu alimwinua pweza wa juu, akamtikisa, akamtupa begani.

"Magunia yangu bado yamefungwa," aliniambia kwa sauti ndogo. "Nitayafungua siku ya hesabu. Siyo kabla."

"Na sisi tutakuwa tunakusubiri bamvua ijayo."

"Nisubiri tu. Mimi nitakuja nikitaka."

Mashua ziligeuzwa. Mimi nilikimbia kibandani nikashusha kiwango, tisa, nane, saba, mpaka nne. Mwambani kwetu kulipungua kelele nusu nzima. Nilipotoka nje walikuwa wameshafika penye maji ya shingo.

Ndipo mlango wa chumba cha barafu ulipofunguka kwa kishindo. Chande alitoka mbio. Sijawahi kumwona mtu yule akikimbia maishani mwangu. Begani alikuwa na roli kubwa la nyaya nyeusi, lile la akiba, refu la kutosha vipaza ishirini, na aliingia nalo baharini na viatu vyake, maji yakampanda magotini, kiunoni, tumboni, akiwapungia mkono kama anayefukuza kunguru.

"Nyie wajinga wa Shungi!" alipiga kelele. "Rudini hapa! Bila nyaya vitaimba kwa mate yenu?"